Fundi Viatu Aliyemchekesha Aabo

Kuna mtu mmoja duniani ninayemwonea wivu, na mwenyewe hajui kama nipo. Ni fundi viatu wa Kihindi mwenye masharubu ya kubandika. Anaishi ndani ya runinga yetu hapa Garissa, amevaa koti la kuazima linalomfika magotini, na kila sikukuu anatoka kumchekesha baba yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nakula hapa, nalala hapa, jioni nafunga mbuzi wa hapa. Na baba yangu sijawahi kumchekesha.

Baba sisi tunamwita aabo. Kazi yake ni kununua na kuuza mbuzi kwenye soko la mifugo, na uso wake umetengenezwa na kazi hiyo: mnunuzi akiutazama kutafuta habari, anarudi mikono mitupu. Aabo akifurahi, kinachosogea ni ndevu tu, tena upande mmoja. Hooyo, mama yangu, ndiye aliyenifundisha kuzisoma. "Leo zimesogea," ananinong'oneza, "kama una shida yako, mwambie sasa."

Lakini mwekee filamu ya fundi viatu uone. Mzee anapiga paja. Anapangusa macho kwa ncha ya kikoi. Anamshika bega aliye karibu naye kama mtu anayezama, na mara nyingi aliye karibu ni mimi, kwa hiyo tangu utotoni nimeshikwa bega kwa ajili ya vicheko vya mtu mwingine.

Hiyo filamu ni kongwe. Rangi zimechakaa mpaka mbingu imekuwa ya waridi na watu wamekuwa kijani. Hadithi yake naweza kukupa hata nikiwa usingizini. Bwana harusi tajiri anatoka ng'ambo, anaacha viatu vyake kwa fundi vishonwe. Fundi anavivaa kidogo tu avijaribu. Gari la nyumba ya bibi harusi linapita, dereva anaona viatu vya kifahari, anasema huyu ndiye, anambeba. Kuanzia hapo fundi anakula vya watu, analala kwenye mto wa hariri, na mama mkwe anamtilia shaka kwa muda mrefu kuliko mwezi wa mfungo. Mwisho wanagundua, wanakasirika, wanaimba, wanasamehe.

Kitu kimoja lazima nikueleze, kama wewe si wa huku. Filamu za Kihindi zinatufikia zikiwa zimemwagiwa Kisomali juu. Anayemwaga ni mtu mmoja. Namaanisha mmoja peke yake: yeye ndiye bwana harusi, yeye ndiye mama mkwe, yeye ndiye askari, yeye ndiye mtoto anayelia. Akikohoa, kikohozi kinabaki humohumo. Ndiyo maana watoto wote wa mtaa wetu tumekua tukijua kwamba yule bibi harusi mrembo ana kifua kibaya.

Sasa kipande chenyewe, kile ambacho mji mzima unakijua. Fundi anatembea kinyumenyume mbele ya wageni, akificha soli iliyotoboka, anatumbukia kwenye bwawa la maji ya kurukaruka. Kimya. Halafu kichwa kinachomoza, masharubu yamehamia shavuni, na sauti ya Kisomali inasema taratibu, kama mtu aliye kwake: "Mwambieni ngamia aanze kula, mimi nitachelewa."

Basi. Hapo ndipo watu wazima wanapoanguka kwa kicheko. Mwenye bodaboda akichelewa kukuchukua anakwambia ngamia aanze kula. Daktari wa mifugo akikwama barabarani, hivyo hivyo. Hata ayeeyo, nyanya yangu, ambaye ana wanyama wake kule Hadado na anaamini runinga ni shetani mwenye waya, ukimwita chakula kiko tayari anajibu kwa maneno hayohayo, akiwa bado kwenye mkeka wake wa swala.

Mimi nilikuwa nasema, na bado nasema, kwamba filamu hiyo imesifiwa kupita uwezo wake.

Usifikiri sijui kichekesho ni nini. Shuleni mimi ndiye mwenye kazi hiyo. Kidato kizima kinanijua. Siku moja kwenye bwalo tulipewa maharagwe yenye wadudu, watu wakanuna. Mimi nikasimama na kijiko, nikamwitikia mdudu aliyekuwa kwenye sahani yangu: "Waalaikumsalamu, mgeni. Uko peke yako au umekuja na familia?" Wenzangu walilala juu ya meza. Mwalimu wa zamu alijificha uso kwa daftari la mahudhurio, mabega yakitetemeka. Tulipofunga shule nilibeba kisa hicho mpaka nyumbani kama yai. Nikamsimulia aabo tukiwa tunakula, nikaweka sauti zote, nikasimama kabisa na kijiko.

Aabo alisikiliza mpaka mwisho. Akatafuna. Akauliza, "Maharagwe hayo yalikuwa yameoshwa?"

Ndiyo maana fundi viatu namchukia. Jamaa anaanguka majini tu! Mtu yeyote anaweza kuanguka majini. Nikianguka mimi naambiwa nifue nguo.

Likizo moja niliamua kumshitaki waziwazi. Filamu ilikuwa inaendelea, nikakaa karibu na hooyo.

"Hooyo, hii kitu inachekesha wapi hasa?"

"Kila mahali."

"Nitajie mahali pamoja."

"Nyamaza, anaanguka sasa."

"Huyo msichana anaimba kwenye theluji na mabega wazi. Hakuna aliyemletea shuka? Na kifua chake kile?"

"Wewe una wivu," hooyo alisema bila kunitazama.

"Wivu wa nini? Na huyo ngamia ni ngamia gani? Nimeangalia filamu nzima. Kuna farasi mmoja na kasuku. Ngamia hakuna. Aabo, ngamia yuko wapi?"

Aabo hakuondoa macho kwenye runinga. "Yuko nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya filamu."

Hooyo akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa zuri.

Idd ya kuchinja iliyopita, abti alikuja. Abti ni kaka yake hooyo, anafanya kazi ofisini kule Wajir, na ni mtu wa kuleta vitu. Mara hii alitoa mfukoni flashi ndogo, akaishika juu kama pete ya ndoa.

"Shemeji," akamwambia aabo, "nimekuletea fundi viatu. Safi. Si ile yenu ya watu wa kijani. Hii imesafishwa, unaona mpaka vinyweleo vya pua."

Ndevu zikasogea. Hazikusogea upande mmoja. Zilisogea pande zote mbili.

Baada ya swala ya alasiri tukatandika mikeka. Ayeeyo alikuwa mjini kwa sababu ya macho yake, akawekwa mbele kabisa, kwenye mto, akisema hataangalia, atasikiliza tu. Hooyo akaleta chai ya maziwa na halua. Abti akachomeka flashi. Mimi nikakaa nyuma, mikono kifuani, kama shahidi aliyeletwa mahakamani kwa nguvu.

Picha ikatokea, na wallahi ilikuwa safi. Mbingu ilikuwa samawati! Sisi wote tukaguna. Nyasi zilikuwa kijani na watu walikuwa rangi ya watu. Gundi ya masharubu ilionekana. "Mashallah," aabo akasema, akajiweka sawa.

Fundi akafungua mdomo, akaongea Kihindi.

Tukangoja. Akaendelea na Kihindi. Aabo akamtazama abti. Abti akachukua rimoti, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, sauti ikapanda, sauti ikashuka, Kihindi kikabaki Kihindi. Aliyesafisha filamu alikuwa amemsafisha hata mtu wetu wa Kisomali. Chini ya picha kulikuwa kunapita maandishi ya Kiingereza, basi.

"Itaanza tu," abti alisema. Haikuanza.

Sasa hapo mimi nikaanza kusikia raha. Maana filamu ilikuwa imevuliwa nguo mbele yetu, na niliyoyasema miaka yote yalikuwa yanaonekana bila mimi kufungua mdomo. Fundi akateleza, hakuna aliyecheka. Mama mkwe akamtolea macho, kimya. Ulisikia mbuzi wa jirani, ulisikia halua ikitafunwa. Ayeeyo akauliza kama mtu amekufa ndani ya hiyo hadithi.

Aabo akageuka nyuma. "Wewe. Tunakupeleka shule ya nini? Soma hayo maandishi."

Sijawahi kutii haraka hivyo. Nikasogea mbele, nikasoma, nikatafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu wa karani. Sikuongeza chumvi hata chembe. "Anasema, karibuni. Yule anasema, asante. Huyu anasema, safari ilikuwaje. Yeye anasema, ilikuwa nzuri."

"Ndiyo hivyo tu?" abti aliuliza.

"Ndiyo yaliyoandikwa, abti."

Kisha kikafika kile kipande. Fundi akaanza kurudi kinyumenyume. Hooyo akashika mkono wa ayeeyo. Aabo akainama mbele, kiganja kikiwa tayari juu ya paja. Fundi akatumbukia. Kichwa kikachomoza. Masharubu shavuni. Midomo ikasogea kidogo sana, na chini ya picha yakapita maneno mawili ya Kiingereza.

"Anasema nini?" aabo akauliza.

"Viatu vyangu."

"Soma yote."

"Ndiyo yote, aabo. Anasema, viatu vyangu."

"Na ngamia?"

"Ngamia hayupo."

"Labda wamemchinja," ayeeyo akasema. "Si ni Idd."

Hooyo na abti wakacheka kidogo. Aabo hapana. Nilimtazama nikitegemea kufurahia ushindi wangu, na mwanzoni niliufurahia kweli. Halafu nikaona kiganja bado kiko juu ya paja, wazi, kama mtu aliyenyoosha mkono kumsalimia rafiki na rafiki akapita bila kumwona. Nikaona pia kitu cha pili, kilichonipendeza zaidi: nafasi ilikuwa tupu. Fundi viatu ameshuka bei, mtu wa Kisomali hayupo, na mwenye kusoma Kiingereza katika nyumba hiyo ni mimi. Kama kuna siku ya kumchekesha aabo, ni hii.

Nikaacha kutafsiri, nikaanza kutunga.

Askari akaja, nikamfanya aulize viatu vina vitambulisho au ni vya mkimbizi. Hooyo alicheka. Bibi harusi akaimba kwenye theluji, nikamfanya aombe blanketi na dawa ya kifua. Abti akajigonga goti, akasema, "Huyu mtoto ni moto!" Baba mkwe akahutubia wageni, nikampa sauti ya mwanasiasa anayeahidi bwawa jipya la maji kwa sababu la zamani lina mtu ndani. Hata ayeeyo, aliyekuwa anasikiliza tu, alifungua jicho moja.

Aabo alitazama runinga. Mara moja akasema, kwa upole kabisa, "Umelisomaje hilo wakati mdomo bado umefungwa?"

Nikaongeza sauti. Nikaongeza mikono. Nilikuwa natoka jasho. Mtu mmoja asipocheka katika chumba kinachocheka, wewe mchekeshaji unamwona yeye peke yake, wengine wote wanakuwa fenicha.

Mwishowe aabo akanyoosha mkono kwa abti. "Nipe hiyo rimoti." Nikajua anazima. Hakuzima. Alirudisha picha nyuma mpaka mwanzo wa sherehe, akaua sauti yote, akakohoa.

Alikohoa kikohozi kilekile. Kile cha yule mtu wa Kisomali.

Kisha baba yangu, anayeongea sentensi chache kwa siku na nyingine kati ya hizo ni za mbuzi, akaanza kusema filamu. Akasema fundi kwa sauti ya puani. Akasema baba mkwe kutoka tumboni. Akasema bibi harusi, wallahi, kwa sauti nyembamba kama uzi, ndevu zake zikiwa zimetulia kabisa. Hakutafuta neno hata moja. Alijua midomo inafunguka wapi na inafunga wapi. Alijua wapi pa kuacha kimya kikae. Na fundi alipochomoza kichwa majini, aabo hakuharakisha. Alitungoja. Alitungoja mpaka tukaanza kuumwa, kisha akasema taratibu, akiwa kwake kabisa, "Mwambieni ngamia aanze kula, mimi nitachelewa."

Nilianguka. Sitaki kuliandika hili lakini nilianguka ubavu, nikacheka mpaka mate yakanipalia. Kipande nilichokichukia tangu nipate akili! Na huku nacheka, wivu unanichoma mpya kabisa, moto wa jikoni. Maana nilikuwa nimekosea adui. Fundi yule hakuwa na kosa, maskini, yeye alikuwa analilia viatu vyake. Aliyekuwa akimchekesha baba yangu ni mtu fulani asiye na sura, aliyekaa mahali na kipaza sauti na kifua kibaya, akaona Wahindi hawana ngamia, akawapa. Na sasa mbele yangu kulikuwa na wa pili, mbaya zaidi, kwa sababu huyu ananipeleka shule. Alikuwa ananizidi kazi yangu akiwa amekaa chini, bila kijiko.

Mama mkwe alipoingia, sauti ya aabo ikakatika. Akanywa chai, akajaribu tena, ikatoka kama mlango. "Koo limekwisha," akasema. Akanitazama. "Shika wewe mama mkwe."

Kulikuwa na sekunde chache za kufikiri. Mama mkwe kwenye picha alikuwa anasukuma sahani ya chapati mbele ya fundi, lakini mtu wa Kisomali siku zote alimfanya amlazimishe ale bariis, wali wetu, na ndizi juu. Nikaona hapo nitapachika kichekesho changu, kirefu, kizuri, kinaanza na wali na kinaishia na mgeni wa maharagwe. Nikavuta pumzi. Nikaweka sauti ya mama mkwe.

Sasa, Kisomali hakina p. Mtu wa kwetu akijifunza Kiswahili anasema "besa" na "bole", na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ameapa kutuponya. Alitushikia karatasi mbele ya midomo, ukisema p karatasi itikisike, isipotikisika rudi nyuma ya foleni. Mimi nilitikisa karatasi mpaka nikapewa cheti cha mdomo. Na nikiwa na wasiwasi, ugonjwa wa karatasi unarudi, hata b inatoka p.

Nikasema, kwa nguvu, mbele ya familia yangu, siku ya Idd: "Kula pariis, mwanangu!"

"Pa-nini?" aabo akauliza.

"Pariis," nikasema tena, maana ulimi ulikuwa umeshaondoka na mimi. "Pariis na ndizi, aapo."

Ile "aapo" ndiyo iliyomwua. Sauti ilimtoka kwanza puani, kisha akapiga paja, kisha akapiga paja la abti, kisha akajikunja mbele mpaka kofia ikaanguka kwenye sinia ya halua. "Aapo!" akalia. "Wasikieni! Mimi ni aapo! Nimelipia shule, nimekuwa aapo!" Akanishika bega. Alinishika kwa nguvu zote, akitetemeka, machozi yakimshuka kwenye ndevu, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Nilikuwa nimempata. Na kichekesho changu, kile kirefu, kizuri, kilikuwa bado mdomoni hakijatoka. Hakuna aliyekihitaji. Filamu ikaendelea peke yake bila sauti na hakuna aliyeiangalia.

Kwa siku nzima nilinuna. Nilitaka acheke kwa akili yangu, yeye amecheka kwa ulimi wangu. Nilimwambia hooyo hivyo, tukiwa tunaosha sufuria za sikukuu. Akasema, "Kicheko kimekuja nyumbani na wewe unakiuliza kimepitia mlango gani?" Nikamwambia ndiyo, nakiuliza. Akanipa sufuria nyingine.

Soko lilipofunguliwa baada ya Idd, aabo alinichukua nimsaidie kushika mbuzi. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wamesimama kivulini mwa lori, na kabla hata salamu hazijaisha nikamsikia anaanza: "Mnajua nimekuwa nani nyumbani kwangu?"

Akasimulia kisa chote. Nilisimama na kamba mkononi nikimsikiliza anavyoiba. Aliweka karatasi ya mwalimu, ambayo mimi ndiye niliyemsimulia. Aliifanya iwe gazeti zima. Alisema nilipotamka pariis, upepo ulizima jiko. Alisema ayeeyo aliomba dua ya kuondoa jini. Hakuna lililotokea hivyo, mimi nilikuwepo. Na lilikuwa bora kuliko lilivyotokea, kila mahali, na watu wale wagumu wenye nyuso za mbuzi walikuwa wanashikana mabega.

Nikasikia ule moto tena, lakini safari hii masikio yangu yalikuwa yamesimama. Nilikuwa naangalia anapumzika wapi. Nilikuwa naangalia anamtazama nani kabla ya neno la mwisho.

Aabo akanigeukia, bado anapumua juujuu. "Si ndiyo, wewe? Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo," nikasema. Nikawangoja. "Na yule kasuku wa kwenye runinga akajipangusa mate usoni."

Ndevu zikasogea. Aabo akawarudia wenzake haraka, mkono juu, kama mtu anayezuia gari. "Eeh! Nilisahau! Kasuku je?"